Chujio limeng'aa, sato wangu wamekufa

Nianze na hasira zenyewe, maana nikianza na salamu zitapoa.

Kampuni siitaji. Walinifungia mtambo wa kufugia samaki kwa kuzungusha maji yaleyale mwaka juzi, kama si mwishoni mwa ule wa kabla yake: tenki moja la sato, moja la kambale, yote yanatumia chujio moja. Niko Chanika, kisima chetu kiangazi kinatoa maji ya kunawia miguu tu, hivyo bwawa la kuchimba lilikuwa ndoto. Mtambo ukafanya kazi. Niliwasifia mpaka wenzangu wa kikoba wakanichoka.

Sasa akaja kijana wao wa "sevisi ya bure". Akafungua pipa la chujio, akaona vile vigurudumu vya plastiki vimevaa utelezi wa kahawia, akakunja uso kama aliyefunua sufuria la juzi. "Bi mkubwa, huu uchafu umeuachia tangu lini?" Nikaona aibu. Mimi! Akavimwaga vyote kwenye beseni, akafungulia bomba, akavisugua kwa sabuni ya unga mpaka vikawa vyeupe kama siku ya kwanza. Nikamletea na soda.

Ule utelezi ndio mtambo. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu anayoitoa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo samaki anaivumilia. Pampu kazi yake ni kuwapelekea maji tu. Na kinachoniuma zaidi: ni kampuni hiyohiyo iliyonifundisha maji ya bomba niyaache wazi siku nzima klorini itoke ndipo niwaongezee samaki. Halafu mtu wao anaogeshea chujio maji yaliyotoka bombani saa hiyohiyo, nami nimesimama pale na chupa ya soda mkononi.

Siku ya pili au ya tatu, alfajiri, nikatikisa kopo la chakula. Sato wangu kopo likilia tu wanaruka mpaka wananilowesha. Siku hiyo kimya. Walikuwa juu, midomo nje, wanahema. Nikapima maji: yale matone ya kupimia amonia ambayo siku zote yanabaki manjano yakawa kijani cha kisamvu. Nikamshika mmoja, hakujitetea hata kidogo, analala kiganjani kama kitambaa.

Nikapiga simu. Ya tano ndiyo iliyopokelewa. "Bi mkubwa, utakuwa umewalisha sana." Nikamweleza habari ya sabuni. Kimya kidogo, kisha: "Samaki nao ni viumbe, mama, wanakufa." Akakata! Jioni tulikuwa tumetoa ndoo 7, na paka wa mtaa mzima wako ukutani wanatusubiri.

Kambale hakufa hata mmoja. Kambale jeuri yule, amonia anaihimili kuliko sato, na hewa ya majini isipomtosha anapanda kuvuta ya juu.

Kwa hiyo nyota 1, na hiyo moja ni ya kambale.

Ila nisiwe mwongo. Afisa uvuvi ndiye aliyenielekeza: nikapunguza chakula, nikabadilisha maji nusu kwa nusu, nikatia chumvi, nikaenda kwa mfugaji mwenzangu kuomba kiroba cha vigurudumu vyake vichafu, nikavichanganya na vyangu. Baada ya wiki kadhaa matone yakarudi manjano. Sasa hivi maji ninayobadilisha kwa siku hayafiki hata sehemu moja ya kumi, na nina sato wapya wanaoniloweshea gauni. Mtambo wenyewe hauna kosa. Kwa mtu asiye na maji ningemwambia anunue, nyota 4, mradi awe na uhakika wa umeme na fedha ya betri ya akiba.

Anunue kwao? Hapana. Au anunue kwao, kisha asiwafungulie geti. Kila nikikumbuka "samaki nao ni viumbe" zile nyota zinashuka zenyewe. Weka 2. Weka 1 na nusu.

Juzi wamenitumia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, sevisi yako ya bure imewadia." Pipa la chujio nimelitia kufuli. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga, na ninaoga nao.