Kibanio cha Springi: Tazama Kulabu Kabla ya Kutazama Bei

Kibanio changu cha kwanza cha springi, yaani jozi ya fimbo zenye kulabu za kuibana springi ya shoki ili shoki ifunguliwe, nilikinunua katika duka moja mjini Nakuru kwa shilingi 2,800, na Jumamosi iliyofuata nikafungua shoki za mbele za Toyota Fielder yangu uani. Nilikuwa nimebana springi nusu tu niliposikia mkwaruzo mfupi. Kulabu moja iliteleza ikifuata mzunguko wa springi, kibanio cha kushoto kikajongea hadi karibu na mwenzake, na springi ikapinda kama ndizi mbele ya kifua changu. Kwenye rangi yake nyeusi ulibaki mstari wa kung'aa, urefu wa kidole, pale kulabu ilipopita. Nati ya juu ya shoki ilikuwa bado imefungwa, na hiyo ndiyo sababu hakuna kilichoruka.

Springi ya gari dogo ikibanwa huwa na nguvu ya mamia ya kilo. Wauzaji hupenda kutaja tani zilizoandikwa kwenye boksi, ilhali ni wachache wanaozungumzia kulabu, na kwangu hilo ndilo la kwanza kukagua. Waya wa springi umejikunja kwa mshazari, kwa hiyo kila unapokaza nati, kulabu husukumwa iteremke kwenye mteremko ule. Kulabu iliyo wazi haina cha kuishikilia isipokuwa msuguano, na springi yenye rangi laini, grisi au tope haitoi msuguano wa kutegemewa. Ubaya huongezeka pale kinywa cha kulabu kilipotengenezwa kwa ajili ya springi za magari makubwa, kwa maana waya wa gari dogo, ambao huwa na unene wa milimita 12 hivi, hucheza ndani yake. Kinachohitajika ni kulabu pacha kila upande, zenye pini ya kufungia inayopita nyuma ya waya ili usichomoke.

Ninachokipenda kuliko vyote, na silifichi hilo, ni Klann cha Ujerumani. Hakitumii kulabu, kina sahani mbili zinazoikumbatia springi kama bakuli, na mhimili wenye hesi umefichwa ndani ya bomba, mahali ambapo vumbi haliufikii kwa urahisi. Sahani zake huja kwa ukubwa mbalimbali, kwa hiyo pima kipenyo cha springi yako kabla ya kuagiza. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, na ndiyo maana mimi na majirani watatu tulichangishana, kikawa kinazunguka nyumba hadi nyumba.

Cha pili ni jozi ya vibanio vyenye kulabu pacha na pini, aina inayouzwa na kampuni za Uingereza kama Sealey na Laser. Hiki kinamfaa mtu anayefanya kazi hii mara moja kwa mwaka, mradi akitumie kwa utaratibu. Paka hesi grisi. Weka vibanio viwili vielekeane kabisa, kimoja mkabala na kingine, vikiwa vimeshika mizunguko mingi kadiri inavyowezekana, kisha funga pini zote. Kaza kwa spana ya mkono, mizunguko michache upande huu na michache upande ule, usiache kimoja kitangulie, wala usitumie mashine ya upepo, kwa sababu hula hesi na hukunyima nafasi ya kuhisi kinapoanza kuteleza. Springi ikishalegea na kucheza kwenye viti vyake, acha kukaza. Kubana zaidi ya hapo ni kuongeza hatari bila faida. Hapo ndipo unapogusa nati ya juu, ncha za springi zikiwa zimeelekea mahali pasipo na mtu.

Kile cha fimbo moja inayopita ndani ya springi kinafaa pale springi inaposimama peke yake. Kwenye shoki za mbele za magari yetu mengi, katikati kumejaa shoki yenyewe. Vya bei ya chini visivyo na pini, usivinunue.

Nilipokirudisha changu, mwenye duka aliniambia, “Mama, ukishakitumia ni chako.” Boksi lilikuwa na bendera ya Ujerumani, lakini hakuna jina la kiwanda popote, wala kwenye chuma. Linaloniudhi zaidi nililikuta baadaye Kisumu, ambako duka moja lilikuwa limetoa pini kwenye jozi nzuri na kuziuza kando kwa shilingi 600, kana kwamba usalama wa mkono wa mnunuzi ni kipuri cha ziada. Nilimweleza muuzaji hivyo, naye akasema wateja wengi hawaziulizi.

Sasa nikienda dukani nabeba kipande cha springi iliyovunjika, mzunguko mmoja na nusu hivi, ndani ya mfuko wa sukari. Kabla ya kutaja bei, naomba kibanio, nakifunga kwenye kipande kile, kisha nakisukuma kando kwa kidole gumba. Kijana mmoja sokoni Kibuye alinitazama nikifanya hivyo mara tatu kwa vibanio vitatu tofauti. Viwili viliteleza. Alivirudisha kwenye turubai bila neno, akaniuzia cha tatu, kisha akaniomba nimwachie kile kipande.