Mahindi mazima kwa wanakondoo wa kunenepesha: nyota 4 kati ya 5

Kusaga mahindi ya wanakondoo ni kulipia kazi ambayo meno yao yanaifanya bure. Nimelisha unga, yaliyoparazwa na mazima. Nimebaki na mazima. Kondoo hutafuna punje vizuri kuliko ng'ombe, na kadiri anavyocheua, mate yanapunguza makali ya asidi tumboni. Unga huchachuka upesi mno, tena vumbi lake linawakohoza. Ukiona punje kwenye kinyesi usishtuke, zibonyeze kwanza: nyingi ni maganda matupu.

Nyota ninayoiondoa ni ya protini. Mahindi yana 8 hadi 9% tu, na mwanakondoo anayekua anataka 14 hadi 16%. Kwa kilo 100 ninachanganya mahindi kilo 80, mashudu ya soya 17, chokaa ya mifugo 1.5, kisha nusu kilo nusu kilo ya chumvi, madini ya kondoo na kloridi ya amonia (ya kuzuia vijiwe vya mkojo). Mashudu hujitenga: wanachambua mahindi, soya inabaki vumbi chini ya hori. Molasi kidogo huishikiza kwenye punje.

Chokaa usiipunje. Nafaka ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu isipofika mara mbili ya fosforasi, madume, hasa waliohasiwa, hupata vijiwe vya mkojo. Anayejikamua huku mkojo ukitoka matone ni wa daktari siku hiyo hiyo. Madini ya ng'ombe nayo yaache hukohuko kwa ng'ombe. Shaba yake hujilimbikiza kwenye ini la kondoo na kumuua.

Shayiri nzima pia naikubali. Ngano siitaki, inachachuka haraka kuliko zote.

Pa kuharibikia ni mwanzoni. Anza na gramu 100 kwa kila mmoja kwa siku, ongeza 50 hadi 100 kila baada ya siku mbili tatu, ufikie kiwango kamili baada ya wiki 2 au 3. Nyasi kavu zitangulie nafaka. Kinyesi kikilegea, kikawa cha kijivu chenye povu, rudi nyuma hatua moja. Kila mmoja apate sentimita 30 za hori, na chanjo ya sumu ya utumbo (ugonjwa wa bakteria wanaotoa sumu tumboni nafaka ikizidi), dozi zote mbili, iwe imekamilika kabla ya kiwango cha nafaka kupanda. Ugonjwa huo hauanzi na wadhaifu. Huanza na yule mnene anayewasukuma wenzake horini.