Uzoefu wangu: Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli, na gari la msaada lililotangulia

Jina la kampuni silitaji, maana kosa lao linarekebishika wakitaka. Ni safari ya kikundi ya siku sita, Moshi hadi Tanga, laki tisa na nusu pamoja na baiskeli, malazi na chakula. Nitasimulia siku ya tatu tu. Siku mbili za kwanza ni barabara kuu, Milima ya Pare kushoto kwako, upepo na malori, na huko kwenye tambarare kila kampuni ni nzuri.

Siku ya tatu unaiacha barabara kuu pale Mombo, unaanza kuipanda Usambara. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Katikati yake ni kilomita 33 za lami nyembamba, njia iliyochongwa na Wajerumani enzi ambazo Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Ukishazoea kilomita mia kwa siku, hizo 33 unaziona mchezo. Mimi nilimcheka kabisa Mkenya mmoja kundini aliyekuwa anajaza chupa ya tatu ya maji.

Tulitoka saa moja asubuhi, watu kumi na mmoja, joto la Mombo limeshaamka. Kona ya kwanza nikabadili gia, ya pili nikabadili tena, ya nne nikabonyeza, hola. Gia nyepesi kuliko zote kwenye baiskeli niliyopewa, ile kubwa ya nyuma, ilikuwa na meno 28. Najua kwa sababu nilishuka nikayahesabu, huku najifanya napiga picha bonde. Mholanzi mmoja alikuja na baiskeli yake mwenyewe, nyuma meno 36 (meno yakiwa mengi nyuma, mguu unakuwa mwepesi), anapanda huku anapiga soga! Fomu ya kujiandikisha iliniuliza urefu wangu na kama nakula nyama. Kama nimewahi kupanda mlima kwa baiskeli, haikuuliza.

Njia yenyewe sina neno nayo. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo na mto chini kabisa, na kila ukiinua macho unaona kipande cha barabara juu ya kichwa chako, unajiambia hapana, ile haiwezi kuwa hii hii. Ni hii hii. Fuso za kabichi na karoti zinashuka zikipiga honi kila kona. Ukiisikia, bana kushoto, usishindane. Watoto wa shule walinisindikiza mbio kwenye kilima kimoja wakiimba "dada kanyaga", na aibu niliyopata ni kwamba walinipita.

Karibu na Soni mnyororo ukakatika. Sasa, tangazo la kampuni linasema gari la msaada litakuwa nyuma ya mwendeshaji wa mwisho. Mwendeshaji wa mwisho nilikuwa mimi, na nyuma yangu kulikuwa na mbuzi wawili. Nikapiga simu. Kiongozi akanijibu kwa upole sana: "Dada, gari limetangulia Lushoto na vyombo, chakula kiko jikoni. Jikokote hadi Soni, tutaona." Nikajikokota.

Soni, karibu na njia panda ya Bumbuli, nikamkuta mzee chini ya mti, kibao kimeandikwa FUNDI BAISKELI kwa rangi ya mlango.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeisukuma kutoka wapi hii?"

Hakuwa na kile kifaa cha kusukumia pini, zile zinazounga vipande vya mnyororo. Alikuwa na nati kubwa, msumari aliousaga ncha ikawa bapa, na nyundo. Akaulaza mnyororo juu ya nati, tundu chini ya pini, akagonga taratibu, anapima kwa kidole gumba kila baada ya pigo. Pini hakuitoa yote. Aliiacha imeng'ang'ania bati la nje kwa unywele; ikitoka kabisa, aliniambia, kuirudisha utalala hapa. Akaondoa vipande viwili vilivyoharibika, akaunga, akaukunja na kuukunjua hadi ukalegea. "Umekuwa mfupi. Usiweke gia kubwa mbele na kubwa nyuma, utang'oa kila kitu." Elfu moja. Nilimpa tatu, akarudisha moja, hataki tuzoeane vibaya.

Kutoka hapo hewa inabadilika. Niliendelea nimekaa juu ya tandiko kama binadamu wengine, na Lushoto nikaingia saa tisa kasoro, wenzangu wameshaoga.

Chakula, lazima niseme haki, kilikuwa kizuri mno: viazi vya kukaanga, maharage ya nazi, karoti tamu utadhani zimetiwa sukari. Fundi wao, kijana mpole, aliukagua ule mnyororo, akasema "huyu mzee anajua", kisha akanifungia mpya jioni ile ile na kunibadilishia gia za nyuma, meno 34. Maana yake walikuwa nazo garini muda wote! Kiongozi yeye aliniambia mlima ndivyo ulivyo. Hapana kaka, mlima sikuulalamikia.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za mpishi na fundi, moja ni ya barabara, ambayo si mali yao.

Ukiamua kwenda nao, hesabu meno ya gia ya nyuma kabla hujatoka Moshi, na uliza mbele ya watu wote nani atakaa nyuma na gari litakuwa wapi. Beba elfu elfu za chenji. Na koti: mimi nilikwenda Julai, Mombo nimeloa jasho, Lushoto usiku nikalala na soksi jozi mbili na taulo juu ya blanketi.