Seva ya darasani au simu ya nyumbani: njia mbili za kuchanganya masomo Pemba

Skuli ya Micheweni au Mkoani ikitaka kuchanganya ubao na mtandao ina njia mbili: mwanafunzi asome nyumbani kwa simu, au seva ndogo, yaani kompyuta inayohifadhi masomo, iwekwe darasani.

Simu huanza haraka. Mwalimu anatuma video kwenye kundi la WhatsApp, kesho yake darasani ni mazoezi tu. Hesabu ndiyo nzito: video ya megabaiti 50 ikipakuliwa na wanafunzi 45 ni zaidi ya gigabaiti 2, zote kwa bando la wazazi. Na simu yenyewe mara nyingi ni ya baba. Inarudi usiku, mtoto keshachoka na skuli na chuo cha Kurani. Wasioiona video wakiwa wengi, mwalimu hurudia somo zima.

Seva hupakua video hiyo mara moja. Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, yenye Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, inatosha, na wanafunzi huifungua video kwa Wi-Fi ya seva bila intaneti. Kwa vipindi viwili vinavyofuatana, gawa makundi matatu: vishikwambi, mwalimu, daftari, wabadilishane kila dakika 20. Adui wa seva ni umeme. Ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika na masomo yote yakapotea. Weka betri ya akiba, izime seva kwa amri kabla ya kuchomoa waya, na nakala ya kadi ikae kabatini. Wi-Fi ya ndani ya seva hulemewa kundi zima likifungua video pamoja, basi iunganishe kwa waya na ruta, kifaa cha kusambaza Wi-Fi.

Sisi tunachagua seva. Simu ibaki kwa picha za maswali ya marudio, zinazokula bando kidogo.