Tathmini ya kongamano la magonjwa ya otoinflamesheni: mchana bora kuliko asubuhi

Kwa daktari au tabibu anayehudumia watoto, kongamano hili la siku moja kuhusu magonjwa ya otoinflamesheni, lililofanyika katika chuo kikuu kimoja nchini Uholanzi na kurushwa moja kwa moja mtandaoni, linastahili ada yake, hasa kwa sababu ya kipindi cha mchana kilichohusu homa za kujirudia. Asiyehudumia wagonjwa wa aina hiyo anaweza kuliacha bila kupungukiwa na kitu, kwa maana waandaaji waliwalenga watu ambao tayari wanalifahamu somo, na mgeni aliachwa ajitafutie njia.

Magonjwa haya hayaletwi na vijidudu, wala hayafanani na lupasi, ambamo kingamwili hugeuka na kuushambulia mwili. Kasoro yake iko kwenye kinga ya asili, ambayo huwaka pasipo adui, ikaleta homa, vipele na maumivu ya tumbo au ya viungo, kisha mara nyingi ikatulia hadi zamu nyingine. Jina la kundi hili lilipendekezwa mwaka 1999 na mtafiti Daniel Kastner na wenzake walipoeleza chanzo cha TRAPS, ugonjwa wa kurithi wa homa za kujirudia. Miaka miwili kabla ya hapo makundi mawili ya watafiti yalikuwa yameifikia, kila moja kivyake, jeni ya MEFV inayosababisha Homa ya Kifamilia ya Mediterania. Mzungumzaji wa kwanza aliipitia historia hiyo kwa mwendo mzuri hadi kwa Jürg Tschopp wa Lausanne, ambaye kundi lake lilieleza mwaka 2002 jinsi protini fulani ndani ya seli zinavyoungana kuunda inflamasomu, inayoamsha interleukini-1, kichocheo kikuu cha nyingi kati ya homa hizi. Mada za maabara zilizofuata zilikuwa nzito, na slaidi zake zilijaa maandishi madogo yasiyosomeka kwenye simu.

Asubuhi ilikombolewa na mada ya VEXAS. Ugonjwa huu ulitangazwa mwaka 2020, na namna ulivyopatikana ni somo tosha: badala ya kufuata ukoo wenye wagonjwa, watafiti walianza na jeni, wakapekua taarifa za watu zaidi ya 2,500 wenye magonjwa yasiyoelezeka, wengi wao wakiwa na homa au uvimbe mwilini, wakapata wanaume wenye mabadiliko katika jeni ya UBA1, ambao hatimaye walifika 25. Mabadiliko hayo hayarithiwi bali hutokea ukubwani, katika seli za uboho. Picha ya darubini iliyooneshwa ilikuwa wazi kabisa, chembe changa za damu zikiwa zimetobolewa matundu meupe ya duara, na mzungumzaji akakumbusha kwamba kabla ya kufika huko kuna dalili inayoonekana katika kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu, yaani mzee mwenye homa za muda mrefu, upungufu wa damu na chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida.

Hata hivyo, kilicholipa ada ni saa ya mchana. Daktari wa watoto aliweka ukutani chati ya joto la mwili la mtoto mmoja, akanyamaza ili ukumbi uisome wenyewe: milima mirefu iliyoachana kwa takribani wiki nne, kila mmoja wa siku chache, na katikati yake mstari ulionyooka wa mtoto mzima anayecheza na kuongezeka uzito. Hiyo ni PFAPA, iliyoelezwa na Marshall na wenzake mwaka 1987, yenye homa, vidonda vya mdomo, koo jekundu na tezi za shingo zilizovimba. Dozi moja ya prednisoloni huikata homa ndani ya saa chache, ingawa huweza kuisogeza karibu zamu inayofuata, na watoto wengi hupona wanapofikia umri mkubwa zaidi. Kisha akailinganisha na Homa ya Kifamilia ya Mediterania, ambayo shambulio lake huisha ndani ya siku moja hadi tatu na huuma tumbo kiasi kwamba wapo waliopasuliwa na kuondolewa kidole tumbo kisicho na ugonjwa. Isipotibiwa, protini ya amiloidi hujikusanya kwenye figo hadi zishindwe kazi.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Katika wodi zetu mtoto mwenye homa zinazorudi hupimwa malaria kwanza, na mwenye homa pamoja na maumivu ya tumbo na viungo hufikiriwa selimundu, na ni sahihi kabisa kuanza hivyo. Kongamano halikugusa namna ya kutenganisha hali hizo. Selimundu ilitajwa mara moja tu, kama mfano wa kinadharia, pale ilipoelezwa kwamba mabadiliko ya MEFV huenda yalidumu karne nyingi kwa kuwa yaliwakinga wenye nayo dhidi ya tauni, kama vile kubeba jeni moja tu ya selimundu kunavyokinga dhidi ya malaria kali. Hoja hiyo ni tamu, ila swali lililoandikwa na washiriki kadhaa wa Afrika kuhusu wagonjwa wenyewe lilijibiwa kwa sentensi moja.

Kipindi cha tiba kilikosa mizani. Kolchisini, kidonge cha zamani ambacho wengi wetu tunakijua kwa jongo, na ambacho tangu mwaka 1972 kimejulikana kuzuia mashambulio ya homa ya Mediterania, kilipewa dakika chache mno. Angalau onyo lilitolewa kwamba kukichanganya na antibayotiki ya klarithromisini kunaweza kumletea mgonjwa sumu, jambo linalofaa kubandikwa ukutani katika kila duka la dawa. Muda uliobaki ulikwenda kwa dawa za sindano zinazozuia interleukini-1: anakinra, inayodungwa kila siku, na kanakinumabu, inayodungwa kila baada ya wiki kadhaa, zote zikihitaji jokofu na mfuko mzito. Sikatai umuhimu wake: kwa mtoto mchanga mwenye DIRA, aliyezaliwa bila kizuizi cha asili cha interleukini-1 na kujaa vipele vya usaha na maumivu ya mifupa, anakinra huokoa maisha na kidonge hakiwezi kushika nafasi yake. Lakini bei haikutajwa hata mara moja, na hilo kwa msikilizaji wa huku ni pengo kubwa.

Sauti ilikatika mara mbili asubuhi, kisha ikatulia. Rekodi zinauzwa kwa vipindi, na ningeshauri kununua cha mchana peke yake. Kinakuja na fomu ya kumbukumbu za homa kwa ajili ya wazazi, ambayo iko kwa Kiholanzi na Kiingereza tu, lakini ina safu nne zinazoweza kuchorwa kwa rula kwenye daftari la kawaida: tarehe, joto, dalili na dawa aliyopewa mtoto. Kwa kliniki za kwetu ningeongeza safu ya tano, ya majibu ya kipimo cha malaria.