Mota ya umeme kwenye boti ya mshipi: uzoefu wangu wa Katonga

Siku ya kwanza kushuka na mota yangu ya umeme mwaloni Katonga, hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu aliitazama, akazunguka nyuma ya boti, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hiyo feni umemletea nani, samaki?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, maana kweli inafanana na feni ya mezani iliyogeuzwa kichwa chini. Leo mzee huyo ameshapanda mara mbili, na ya pili alijialika mwenyewe.

Kwa wenye haraka: mota ni nzuri, hela yangu siijutii, lakini haikurudishi nyumbani upepo ukichachamaa. Na kama una laki kadhaa za kununulia mota tu, bado hujawa na hela ya mota. Nitaeleza.

Boti yangu ni ya mbao, mita nne na nusu, nyuma imekatwa bapa, na ina mashine ya petroli, Yamaha ya nguvu za farasi 8, niliyoinunua mkononi kwa mtu. Jumamosi na siku za likizo natoka na mpwa wangu kutafuta kuhe na migebuka kwa ndoano, kandokando ya majabali ya upande wa Bangwe. Uvuvi huu unataka boti itambae, chambo kifuate nyuma taratibu. Mashine ya petroli haipendi kutambaa. Inakohoa, plagi inajaa masizi, na kuhe wakiwa kwenye maji mafupi wanausikia mngurumo kabla hujafika. Kasia nalo linataka mtu mmoja asivue. Ndipo nikaanza kufikiria umeme. Tena betri si kitu kigeni ziwani: wavuvi wa dagaa wengi walishaachana na karabai, wanavua kwa taa za betri, na mafundi wa kuzichaji wapo.

Mota hizi hazipimwi kwa farasi. Zinapimwa kwa nguvu ya kusukuma, na kwenye boksi utakuta pauni 30, 40, 55 na kuendelea. Hadi pauni 55 hivi zinatumia betri moja ya volti 12. Zile za 70 na 80 zinataka volti 24, yaani betri mbili. Kanuni inayotumika na wengi ni pauni 2 za kusukuma kwa kila kilo 45 za boti ikiwa na mzigo wake wote. Nilipiga hesabu ya kwangu: boti kilo 200, watu wawili 150, mashine na mafuta 40, betri 30, zana na nanga 30. Jumla 450. Kwa hiyo pauni 20 zingetosha, karatasini. Ila karatasini hakuna upepo wala wimbi, na boti za mbao zina ubavu mrefu unaoshika upepo kama tanga. Nikachukua 55, ambayo kwa lugha ya sokoni ni kama kusukumwa na uzito wa kilo 25. Usidhani ukichukua kubwa utakimbia. Kasi ni ileile ya mtu anayetembea haraka barabarani; nguvu inayozidi ni ya kushindana na upepo, siyo ya mbio.

Sikununua ile yenye jina kubwa, Minn Kota, ambayo chimbuko lake ni mota iliyoundwa mwaka 1934 huko Fargo, Marekani, kutokana na starta ya gari la Ford. Bei ilinishinda. Yangu ni ya kampuni isiyo maarufu, ilitoka Dar kwa basi, na mpaka inafika mkononi ilishakula laki saba na nusu. Kitu kimoja ningebadilisha: yangu ina spidi tano za kwenda mbele, za hatua kwa hatua. Mota za namna hii zinapunguza mwendo kwa kupoteza umeme kama joto, kwa hiyo ukienda polepole huokoi betri kama unavyodhani. Zile ambazo mkono unazunguka laini bila kukwamakwama kwenye namba zina bodi ya kielektroniki inayokata umeme vipande vipande, na zinadumu zaidi kwa chaji moja. Ziko ghali kidogo. Lipa.

Sasa kufunga. Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na bahati yangu muda ulikuwepo: ziwa lilikuwa limefungwa, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hakuna kuvua, boti iko nchi kavu inanitazama.

Kosa la kwanza lilikuwa urefu wa shafti, ile fimbo inayoshuka majini hadi kwenye propela. Propela inatakiwa ikae kama sentimita 30 chini ya uso wa maji. Nilipima ukingo wa nyuma hadi majini nikiwa nimekaa nyuma pamoja na mpwa wangu aliyeshika futi. Nikapata sentimita 40, nikajumlisha, nikaona shafti ya inchi 30, yaani sentimita 76, inatosha na chenji inabaki. Sikufikiria kwamba boti ni mizani. Baada ya ziwa kufunguliwa, siku ya pili tu, mpwa wangu alikimbilia mbele kunyanyua kuhe aliyekuwa anapiga mkia juu ya maji. Nyuma ikanyanyuka, propela ikachungulia nje na kupiga kelele kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi. Kuhe akaenda zake. "Mjomba, umemfukuza!" Mimi tena.

Chukueni ya inchi 36. Na pimeni mkiwa mmekaa kila mtu mahali pake pa kazi.

Mimi nilijiokoa kwa kibao. Ubao wangu wa nyuma una unene wa sentimita mbili na nusu, na vibanio vya mota vikikazwa juu yake peke yake vinauma mbao, kesho yake vimelegea. Fundi seremala alinitengenezea kipande cha mninga cha sentimita 5, tukakifunga kwa nje na bolti nne za stenlesi, ndani tukaweka bapa la chuma ili nati zisizame kwenye mbao. Matundu tuliyapaka gundi isiyopitisha maji kabla bolti hazijapita. Kipande hicho tukakishusha sentimita 12 chini ya ukingo, na mota ikabanwa hapo. Kwa hiyo shafti yangu fupi ikapata urefu wa bure. Kukaza vibanio inabidi uiname nje mkono mmoja umeshika boti, lakini ni mara moja kwa safari. Mota iko upande wa kushoto, mbali na Yamaha kiasi kwamba hata ukizungusha zote mbili propela hazikutani. Jaribu hili ukiwa ufukweni, kwa mkono.

Kama mtumbwi wako umechongoka pande zote mbili, kibao cha nyuma huna. Nimeona jamaa amelaza boriti kutoka ukingo hadi ukingo, ikatokeza nje kidogo, mota inaning'inia ubavuni. Inafanya kazi, ila mtumbwi unapenda kwenda mshazari, na mkono unachoka kuurekebisha.

Na kamba. Kipande cha kamba ya nailoni kutoka kwenye mota hadi kwenye pete iliyopigiliwa ndani ya boti. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kuliko pote, na kwenye majabali yetu huhitaji kwenda mbali ili nanga ikose pa kugusa. Mota ikichomoka hapo, imekwenda.

Kosa la pili lingeweza kuniunguza. Betri niliiweka nyuma karibu na mota, kama kila mtu. Mashine, betri, mota na mimi wote nyuma: pua ya boti ikatazama mawinguni, na kila upepo mdogo ukawa unaigeuza. Nikaihamishia betri mbele ya kiti cha kati, mita tatu kutoka kwenye mota. Boti ikatulia vizuri sana. Kurefusha waya nikaenda duka la vifaa vya umeme hapa mjini, nikasema nataka waya mnene, muuzaji akanipa wa milimita za mraba 4. "Huu unabeba jiko la umeme, mwalimu." Ni kweli, jiko la volti 230. Kwa volti 12 mambo ni mengine: mota yangu ikiwa spidi ya tano inavuta ampea 50. Waya ule, kwenda na kurudi mita sita, unakula zaidi ya volti moja njiani, na hicho kinacholiwa kinageuka moto. Nilisikia harufu kama ya kandambili iliyokanyaga kaa, nikashika waya, nikauachia. Plastiki ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa.

Sasa natumia waya wa milimita za mraba 16, vichwa vyake vimebanwa kwa koleo la kazi hiyo, siyo kusokotwa kwa vidole na kufungwa gundi nyeusi. Karibu na betri, kwenye waya wa chanya, kuna sakiti breka ya ampea 60, ya kukata umeme ukizidi. Waya ulinigharimu kuliko nilivyotarajia, lakini mota ilipata uhai mpya. Spidi ya tano niliyokuwa naijua kumbe ilikuwa ya tatu na nusu.

Betri ni ya sola ya Ah 100 (ampea kwa saa), ile ya kutoa chaji taratibu kwa muda mrefu. Ya gari usijaribu: imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha, ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Hata hii ya sola siishushi chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 kwangu ni 50. Spidi ya tano napata chini ya saa moja. Spidi ya pili, ambayo kipimo kilinionyesha ampea 18 hivi, napata kama saa mbili na nusu, na hiyo ndiyo spidi ya kuvulia. Nyumbani nina paneli ya wati 150. Jua la kiangazi linairudisha kwa siku moja na kitu, masika ni siku mbili na maombi. Uzito wake ni karibu kilo 30, na kutoka mwaloni hadi barabarani tunaibeba wawili. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo haifiki nusu ya uzito huo na unaitumia karibu yote. Nikipata hela, hiyo ndiyo ya kwanza.

Kuvua kwenyewe? Raha. Unapita kandokando ya jabali unasikia maji yakigonga mbao na mpwa wako akimeza mate. Asubuhi tulivu tumepata kuhe watatu mahali ambapo kwa petroli nilikuwa napata mmoja, labda. Kushikilia boti sehemu moja bila nanga ni jambo ambalo kasia haliwezi kwa mtu mmoja. Mwishoni mwa Agosti, lakini, upepo wa kusini uliinuka saa nne asubuhi kabla hatujajiandaa. Spidi ya tano, natazama mwamba uliokuwa ubavuni, dakika kadhaa, mwamba bado uko ubavuni. Tukaivuta mota juu, nikawasha Yamaha. Anayekuambia uuze mashine ununue hii hajavua huku.

Jambo dogo la mwisho. Uzi wa mshipi unapenda kujizungusha nyuma ya propela, na ukiachwa unakata sili, mpira unaozuia maji, na maji yanaingia ndani ya mota. Kila baada ya safari tano hivi nafungua nati, natoa propela, natazama. Wakati mmoja nilifanya hivyo majini, na pini inayoshika propela, kijiti cha chuma kisichofika urefu wa kidole, ikaniponyoka. Mpwa wangu alikata msumari wa inchi tatu kwa koleo, akaupachika, tukarudi nao. Pini halisi zilifika kutoka Dar baada ya wiki tatu. Niliagiza kumi, na mbili ziko kwenye kopo la ndoano, hazitoki humo.