Harvey's Sussex Best: uzoefu wangu na bia chungu ya Kiingereza ya kuvutwa kwa mkono

Nimeinywa kwenye baa ya Lewes, kusini mwa Uingereza, mji huohuo inakotengenezwa, na kwangu hii ndiyo bia chungu ("bitter") ya kuanzia. Huvutwa kwa pampu ya mkono iliyo kaunta, kutoka pipa lililo chini ya baa. Kilevi chake ni asilimia 4 tu, rangi ni ya shaba, na painti moja ni mililita 568.

Aliyezoea laga baridi, ile bia nyepesi yenye gesi nyingi, ajiandae. Bia hii hutolewa ikiwa na nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi: si ile ya kutoka friji, wala si "ya moto" tunayoagiza baa zetu. Ikipoa zaidi ya hapo, harufu inajificha. Ikipata joto, gesi kidogo iliyomo inapotea na kinywaji kinakosa uchangamfu.

Nusa kwanza. Nilipata kimea chenye utamu wa tofi, halafu hopsi za Kiingereza (maua yanayoipa bia uchungu), zenye harufu ya majani makavu na ganda la chungwa kwa mbali. Fundo la kwanza ni laini na tamu kidogo. Uchungu unachelewa, unatua nyuma ya ulimi na kukausha mdomo, ndipo hamu ya fundo la pili inapokuja. Usihukumu kabla ya robo glasi, kwa sababu ulimi uliozoea laga hunasa utamu kwanza na kuukosa huo mwisho mkavu, ambao ndio uzuri wake wote.

Povu lilikuwa jembamba. Kusini ndivyo inavyomiminwa. Baa za kaskazini mwa Uingereza hufunga kichwa chenye matundu madogo kwenye mdomo wa pampu ili povu liwe zito. Lakini povu likila sehemu kubwa ya glasi, omba uongezewe. Ni kawaida kabisa.

Ubora wa glasi yako, hata hivyo, unaamuliwa chini ya sakafu. Bia hii haichujwi wala haisukumwi kwa gesi ya mtungi; hamira ingali hai na bia inaendelea kuchachuka ndani ya pipa. Pipa la kawaida ni la galoni 9, yaani painti 72. Hulazwa chumba cha chini, hupigwa juu kijiti cha mti laini unaopitisha hewa ili gesi ya ziada itoke, kisha kijiti kigumu kuizuia iliyobaki. Mwenye haraka akilifungua kabla mashapo hayajatulia, utaletewa bia yenye ukungu. Bia nyingi za namna hii hutulizwa kwa dawa inayotokana na mabondo ya samaki, kwa hiyo asiyekula samaki aulize kaunta.

Kila painti inayovutwa huingiza hewa nafasi yake, na ndiyo maana pipa likishafunguliwa linafaa kuisha ndani ya siku tatu hivi. Baa yenye pampu nane na wateja wachache inanitia wasiwasi. Ningechagua yenye pampu mbili na watu wengi. Epuka pia painti ya kwanza ya siku: bia iliyolala kwenye bomba usiku kucha inapaswa kuvutwa na kumwagwa kabla ya mteja wa kwanza.

Harufu ya siki maana yake hewa imekaa mno na bakteria wamefanya kazi yao. Bia isiyo na mchomo wowote ulimini imeachwa wazi muda mrefu. Yote mawili ni makosa ya utunzaji, si ya mtengenezaji. Rudisha glasi ikiwa bado karibu imejaa, sema kwa upole kwamba imeharibika. Baa inayojiheshimu itakubadilishia bila maneno, na ikiona tatizo ni pipa zima itageuza kibao cha bia hiyo kwenye pampu, ishara kwamba haiuzwi kwa sasa.

Ukiwa na shaka, omba uonjeshwe kidogo kwanza, au agiza nusu painti. Ya chupa ipo, ila gesi yake ni nyingi zaidi na ule ulaini haumo. Usiipime bia hii kwa chupa.